UZI: Idadi ya watu katika kijiji cha India, waliohesabiwa na waliokosekana

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila kijiji cha India kilichoandikishwa serikalini, hata kile chenye kaya chache tu mlimani, kina mstari wake katika majedwali ya sensa. Mstari huo hutaja idadi ya kaya, jumla ya watu, wanaume na wanawake, watoto ambao hawajatimiza miaka saba, watu wa matabaka na makabila yaliyoorodheshwa (makundi yaliyotajwa katika orodha za kisheria, nitayafafanua mwishoni), wanaojua kusoma na kuandika, wenye kazi na wasio na kazi. Wengi wetu hutazama jumla tukapita. Kwa maoni yangu, jumla ndiyo tarakimu yenye habari chache kuliko zote, kwa kuwa maisha ya kijiji yanaonekana pale tarakimu moja inapowekwa kando ya nyingine, na msomaji akawa anajua zilikusanywa lini na kwa utaratibu gani.

Tuanze na ukubwa. Sensa ya 2011, ambayo ndiyo ya mwisho kukamilika nchini humo, ilikuta watu bilioni 1.21, na kati yao zaidi ya milioni 833 waliishi vijijini. Vijiji vilivyoandikwa vilikuwa 640,867, ingawa vilivyokuwa na watu vilikaribia 597,000 tu; vilivyobaki, zaidi ya 43,000, vina jina, namba na mipaka katika ramani lakini havina mkazi hata mmoja. Ukigawanya watu kwa vijiji vyenye wakazi unapata wastani wa watu 1,400 hivi, wastani ambao haumsaidii mtu. Kerala ilikuwa na vijiji 1,018 tu, kwa hiyo kijiji cha kawaida huko kina watu kama 17,000, nyumba zikifuatana kando ya barabara na katikati ya minazi bila pengo la kuonyesha kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Himachal Pradesh, jimbo la milima, lilikuwa na vijiji zaidi ya 20,000, na wastani wa vile vyenye watu hauzidi 400. Sababu ni kwamba kinachohesabiwa ni kijiji cha kodi ya ardhi, ambacho mipaka yake ilichorwa na wapima ardhi kwa ajili ya makusanyo ya serikali. Ndani ya mpaka mmoja vinaweza kuwamo vitongoji vitano ambavyo wakazi wake hawajioni kuwa watu wa kijiji kimoja.

Sasa utaratibu wenyewe, ambao naona ndio ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Karani wa sensa, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi wa eneo hilohilo, hupita mara mbili. Katika sensa ya 2011 nyumba ziliorodheshwa kati ya Aprili na Septemba 2010, kisha watu wakahesabiwa kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, na wasio na makazi wakahesabiwa usiku wa tarehe 28. Kati ya tarehe 1 na 5 Machi karani alirudi kuongeza waliozaliwa na kuondoa waliofariki, ili hesabu ilingane na saa sita ya usiku wa kuamkia Machi mosi. Mtu aliandikwa mahali anapoishi kwa kawaida ikiwa alikuwepo wakati wowote katika siku hizo za Februari. Aliyekuwa mbali muda wote aliandikwa alikokutwa, na aliyekuwa nje ya nchi hakuandikwa kabisa.

Hebu tazama matokeo ya jambo hilo katika wilaya ya Beed, jimboni Maharashtra. Ni nchi kame, na kila mwaka baada ya mvua kwisha maelfu ya familia huondoka kwenda kukata miwa kwa ajili ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa jimbo, wakarudi msimu wa kusaga miwa ukimalizika, aghalabu Machi au baadaye. Kibarua hiki hakichukuliwi na mtu mmoja. Msimamizi huajiri mume na mke pamoja, nao huhesabiwa kama panga moja, mume akikata na mke akifunga mizigo na kuipakia. Wazee hubaki nyumbani na baadhi ya watoto. Karani akipita Februari, kijiji alichokikuta ni hicho cha wazee na watoto, na walio katika umri wa kufanya kazi wameandikwa kwenye kambi za miwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Anayesoma mstari wa kijiji hicho bila kujua habari ya miwa atasema vijana wamekihama kijiji, hali ya kuwa wiki chache baadaye wamerudi wanalima.

Uwiano wa kijinsia ndio unaohitaji utulivu mkubwa zaidi. India nzima ilikuwa na wanawake 943 kwa kila wanaume 1,000 katika sensa ya 2011, na kwa watoto walio chini ya miaka saba uwiano ulishuka hadi wasichana 919. Haryana ilikuwa na 879 kwa watu wote na 834 kwa watoto, na katika wilaya ya Jhajjar watoto wa kike walikuwa 782 tu kwa kila wavulana 1,000. Pengo kama hilo haliletwi na maumbile. Limetokana na familia kutaka mtoto wa kiume na kutumia kipimo cha ultrasaundi kujua jinsia ya mimba, kisha kuitoa ikiwa ni ya kike. Sheria ya kupiga marufuku vipimo vya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1994 na ikaimarishwa 2003, lakini mashine ndogo za kubebeka zilikwisha kufika miji midogo na daktari asiye na haya hakukosekana.

Upande wa pili kuna wilaya za Almora na Pauri Garhwal, katika milima ya Uttarakhand, ambako wanawake walikuwa 1,139 na 1,103 kwa kila wanaume 1,000. Msomaji wa haraka angezisifu wilaya hizi kwa kuwathamini wanawake. Ukweli ni kwamba wanaume wameteremka Delhi, Dehradun na kambi za jeshi kutafuta mishahara, na mashamba ya matuta wameachiwa wake zao. Ushahidi umo katika jedwali hilohilo: uwiano wa watoto wa jimbo zima la Uttarakhand ulikuwa 890, chini kabisa ya wastani wa nchi. Yaani katika jimbo lilelile wanawake wazima wamezidi kwa sababu wanaume wameondoka, na wasichana wadogo wamepungua kwa sababu hawakuachwa wazaliwe. Kwa hiyo kila ukiona uwiano wa watu wote, utafute na wa watoto kabla hujasema lolote.

Tahadhari moja ya hesabu inafaa hapa. Chukua kijiji chenye watoto 60. Wakiwa wasichana 28 na wavulana 32, uwiano ni 875. Wakigeuka wakawa wasichana 32 na wavulana 28, uwiano unaruka hadi 1,143. Watoto wanne tu wamekitoa kijiji kwenye lawama na kukitia kwenye sifa. Uwiano wa kijiji kimoja kidogo haufai kuwa hoja. Ujumlishe na wa vijiji jirani angalau mpaka ngazi ya wilaya ndogo.

Ndoa nayo imejificha ndani ya tarakimu hizi. Katika vijiji vingi vya kaskazini, msichana haolewi ndani ya kijiji alichozaliwa, kwa kuwa vijana wa hapo huhesabiwa kuwa kaka zake. Kwa hiyo karibu kila mke unayemkuta katika kijiji cha Haryana amezaliwa kwingine, na mabinti wote wa kijiji wamesambaa katika vijiji vya mbali. Ndiyo maana wahamaji wengi katika takwimu za sensa ya India ni wanawake waliofuata waume zao. Kusini hali ni tofauti, kwani jamii nyingi huko huruhusu ndoa za binamu wa upande wa mjomba, na binti anaweza kuolewa hatua chache kutoka kwa mama yake. Na pale ambapo wasichana wamepungua mno, wanaume wa Haryana wasio na ardhi ya kutosha wameoa wanawake kutoka Bihar, Bengal ya Magharibi, Assam na hata Kerala, kwa kumlipa dalali. Wanakijiji huwaita wanawake hao molki, yaani walionunuliwa. Katika jedwali la sensa, mwanamke huyo ni mkazi kama wengine.

Kuhusu kusoma na kuandika nitasema machache. Asilimia hupigwa kwa kuwaondoa kwanza watoto walio chini ya miaka saba, basi ukigawanya kwa jumla ya watu wote utakionea kijiji chenye watoto wengi. Mwaka 2011 taifa lilikuwa na asilimia 73, wanaume wakiwa karibu 81 na wanawake karibu 65.

Nitaendelea na kazi na matabaka kulingana na michango yenu.

Mchangiaji (Dodoma)

Ahsante kwa uzi uliopangika. Nimewahi kushika dodoso la sensa hapa kwetu, na naona tofauti ya msingi: sisi mwaka 2022 tulimwandika mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, basi. Wenzetu wanachanganya makazi ya kawaida na kuwepo kwa mtu katika kipindi cha siku kadhaa. Swali langu ni hili: je, tarakimu za kijiji kimoja kimoja zina kazi gani kwa mwanakijiji mwenyewe, au ni za watafiti tu? Na pili, ufafanue hiyo habari ya kazi uliyoiahidi.

Mleta uzi

Mkuu, kazi yake ni kubwa, na pengine ndiyo sababu mjumbe wa kijiji hugombana na karani akiona kitongoji kimerukwa. Mpango wa barabara za vijijini ulioanzishwa Desemba 2000 uliweka sharti kwamba makazi ya tambarare yapate barabara ya kupitika mwaka mzima yakiwa na watu 500 au zaidi kwa hesabu ya sensa ya 2001, na ya milimani, jangwani na maeneo ya makabila yakiwa na 250. Kitongoji cha watu 490 tambarare kilijikuta nje ya foleni. Mhudumu wa afya wa jamii, anayeitwa ASHA, amepangwa mmoja kwa kila watu 1,000 hivi, na kituo kidogo cha afya kimoja kwa watu 5,000 wa tambarare au 3,000 wa milimani. Viti vya baraza la kijiji, kwa marekebisho ya Katiba yaliyoanza kutumika Aprili 1993, hutengwa kwa watu wa matabaka na makabila yaliyoorodheshwa kulingana na idadi yao katika eneo husika, na si chini ya theluthi moja ya viti huwekwa kwa wanawake. Bihar iliongeza hadi nusu mwaka 2006, na majimbo mengine yakafuata.

Ama kazi, sensa hugawa wafanyakazi mafungu mawili. Aliyefanya kazi miezi sita au zaidi katika mwaka uliotangulia ni mfanyakazi mkuu, na aliyepungukiwa ni wa pembeni. Mwanamke anayepanda mpunga msimu mmoja na kupalilia mwingine huangukia fungu la pili, na yule anayeteka maji, kupika na kulea kutwa nzima huandikwa kuwa hana kazi. Ukiona kijiji ambacho wanawake wengi ni wafanyakazi wa pembeni, usidhani wanakaa bure. Mimi hutazama zaidi safu mbili zinazopakana, ya wakulima wanaolima ardhi yao au waliyoikodi na ya vibarua wa mashambani. Mwaka 2001 kitaifa wakulima walikuwa milioni 127 na vibarua milioni 107. Mwaka 2011 wakulima walishuka hadi milioni 119, na vibarua wakapanda hadi milioni 144. Katika miaka kumi ile vibarua waliwapita wenye mashamba, na ukishuka hadi ngazi ya kijiji unaona mashamba yaliyogawanywa kati ya ndugu hadi hayatoshi tena kulisha nyumba.

Mchangiaji (Mombasa)

Mleta uzi, hapa pwani tuna majirani ambao asili yao ni Kutch, wilaya ya jimbo la Gujarat, na wengine huenda huko kila mwaka kwa harusi. Husimulia vijiji vyenye nyumba za ghorofa zilizofungwa makufuli. Je, sensa inawahesabu vipi watu wa namna hiyo?

Mleta uzi

Swali zuri sana. Kwa kanuni niliyoeleza, familia iliyoko Nairobi, Mombasa au London wakati wa hesabu haimo katika idadi ya watu wa kijiji. Nyumba yao imo, kwa sababu katika awamu ya kuorodhesha majengo karani huandika hata nyumba tupu. Kitaifa, kati ya majengo milioni 331 hivi yaliyoorodheshwa, yaliyokuwa yakitumika yalikuwa milioni 306. Madhapar, karibu na Bhuj, mji mkuu wa wilaya ya Kutch, ni kijiji kinachojulikana kwa akiba kubwa ya fedha iliyoko katika mabenki yake, akiba ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawe walioko ughaibuni, na wengi wao mababu zao walipitia Afrika Mashariki wakiwa mafundi wa ujenzi na wafanyabiashara. Idadi ya watu na idadi ya fedha haziwezi kulingana mahali kama hapo, kwa sababu wenye fedha wameandikwa katika sensa za nchi nyingine.

Kutch ina jambo lake jingine. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliiangusha Bhuj na vijiji vingi wiki mbili tu kabla ya makarani kuanza kazi, na hesabu haikuwezekana wakati huo katika wilaya nzima wala katika baadhi ya maeneo jirani ya Rajkot na Jamnagar. Tarakimu za awali za Kutch za mwaka huo zilipatikana kwa makisio. Anayelinganisha kijiji cha Kutch cha 2001 na cha 2011 akumbuke tetemeko hilo, vifo vyake na watu waliohamishiwa makazi mapya.

Mchangiaji (Muscat)

Naishi Oman na nafanya kazi na Wahindi wengi kutoka wilaya za Malappuram (Kerala) na Siwan (Bihar). Wanasema vijijini kwao wamebaki wanawake. Hiyo inaonekana katika sensa?

Mleta uzi

Inaonekana bila shida, ndugu. Malappuram ilikuwa na wanawake 1,098 kwa kila wanaume 1,000. Katika jimbo la Bihar, ambalo kwa jumla lina upungufu wa wanawake, wilaya ya Gopalganj ilifika 1,021 na jirani yake Siwan 988, na hizo ndizo wilaya zinazopeleka Ghuba vijana wengi. Tofauti ni kwamba Kerala ina uzazi mdogo na elimu ya muda mrefu, hata wilaya ya Pathanamthitta ilipungua watu kati ya 2001 na 2011, ilhali Bihar inaongezeka kwa kasi licha ya kuondokewa.

Mchangiaji (Dodoma)

Hapo kwenye uzazi nina shaka. Kila siku tunaambiwa India inafurika watu, na kwamba vijiji ndivyo vinavyozaa.

Mleta uzi

Kauli hiyo imepitwa na wakati. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta wastani wa watoto 2.0 kwa mwanamke kwa nchi nzima, mijini 1.6 na vijijini 2.1. Kiwango cha kuziba pengo la kizazi ni kama 2.1, kwa hiyo hata mwanamke wa kijijini kwa wastani anazaa watoto wa kuchukua nafasi ya wazazi tu. Bihar ilibaki juu kwa 3.0, na Sikkim ilishuka hadi 1.1. Idadi inaendelea kukua kwa sababu vijana waliozaliwa zamani ni wengi na bado wanaingia umri wa kuzaa. Baadhi ya vijiji vya Tamil Nadu na vya Himachal leo vina tatizo la darasa la kwanza kukosa wanafunzi.

Nimalizie na matabaka, kwa kuwa ni deni. Majedwali ya kijiji hutaja makundi mawili tu, matabaka yaliyoorodheshwa, yaani wale waliotengwa kwa karne nyingi kama wasioguswa, na makabila yaliyoorodheshwa. Kitaifa yalikuwa asilimia 16.6 na 8.6. Orodha hizo ni za kisheria na zina mipaka ya kijiografia na ya dini. Punjab ina asilimia karibu 32 ya matabaka yaliyoorodheshwa na haina kabila lolote lililoorodheshwa, kwa hiyo sifuri katika safu hiyo inatoka kwenye sheria. Mdalit, yaani mtu wa jamii hizo zilizotengwa, aliye Mwislamu au Mkristo hahesabiwi katika orodha ya matabaka, kwa kuwa inawahusu Wahindu, Masingasinga na Wabudha peke yao. Wasidi wa Gujarat, wenye asili ya Afrika, wameorodheshwa kuwa kabila katika wilaya za Saurashtra, eneo la rasi la jimbo hilo, lakini jamaa zao wa Kutch hawamo. Wengine wote, kuanzia Mbrahmani hadi mfinyanzi na mchunga ng'ombe, wameunganishwa katika baki moja lisilo na jina. Hesabu ya mwisho ya kitaifa iliyochapishwa kwa matabaka yote ni ya mwaka 1931. Bihar ilifanya yake na kuitangaza tarehe 2 Oktoba 2023, ikakuta makundi yanayotambuliwa kisheria kuwa nyuma kimaendeleo na yaliyo nyuma zaidi kwa pamoja yakiwa asilimia 63, na matabaka ya juu yasiyo na upendeleo wa kisheria yakiwa 15.5.

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO, na tangazo la Juni 2025 limepanga inayofuata kwa tarehe ya rejea ya 1 Machi 2027, ikiwa na swali la tabaka kwa kila mtu. Maeneo yanayofungwa na theluji katika Ladakh, Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand yamepangiwa tarehe 1 Oktoba 2026, kabla njia hazijafunga. Atakayelinganisha kijiji cha juu mlimani na cha bondeni aangalie tarehe kwanza, kwa kuwa kimoja kitakuwa kimehesabiwa wachungaji wakiwa ndio kwanza wanateremsha mifugo, na kingine wakiwa wamekwisha kutulia kwenye malisho ya kipupwe.

Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante. Nitawauliza majirani kama jamaa zao waliopo kule wataandika nyumba zilizofungwa kuwa tupu.

Mleta uzi

Karani ndiye mwenye kuandika, nao watakachoulizwa ni kama kuna mtu aliyekaa humo katika kipindi cha hesabu. Na kwa kuwa safari hii watu wataruhusiwa kujaza taarifa zao wenyewe kwa njia ya mtandao, nadhani ugomvi mkubwa wa Kutch utakuwa juu ya nani ana haki ya kujaza kwa niaba ya nani.